Barua kwa wajukuu waliochoma sanduku la bibi yao

Wajukuu zangu wa Mikindani mnaoishi Dar na kwingineko, pamoja na wenzenu wote wa Mtwara na Lindi mnaotuona sisi wazee pale tu panapotandikwa majamvi ya msiba,

Asalaam aleikum. Barua hii nimeichelewesha wiki tatu nikingoja hasira ishuke. Haikushuka, basi naiandika nayo hivyo hivyo.

Siku ya pili baada ya arobaini ya dada yangu, bibi yenu, mlikisafisha chumba chake ili apate kuingia mpangaji. Kwa hilo sina neno, nyumba ina bili ya umeme. Lakini nilipotoka msikitini alasiri nikakuta moshi nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Nikauliza mnachoma nini. Mkanijibu kwa furaha kabisa: “Babu, kwenye sanduku la bati kulikuwa na makaratasi ya uganga. Tumeyateketeza yote, usiwe na wasiwasi.”

Uganga! Zile zilikuwa barua za baba yangu. Ni Kiswahili kitupu, ila kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama watu wa pwani hii walivyoandika kwa karne nyingi kabla Mjerumani hajajenga boma lake hapo Mikindani. Baba alikwenda Tanga kukata mkonge, manamba kama wanaume wengi wa kusini enzi zile. Shule ya serikali hakuiona mlango. Alisoma chuo cha Kurani kwa mwalimu, akaandika kwa alichokijua.

Moja ya barua hizo naikumbuka kwa moyo, maana dada alikuwa akinisomea kila nikilia: “Mtazameni huyo mdogo. Meno ya mbele yakiota yote mniletee habari, nijue amekuwa mtu.” Huyo mdogo ni mimi. Baba alikuwa na jua la Tanga mgongoni na miba ya mkonge mikononi, na alichotaka kujua ni meno yangu. Sasa karatasi ile ni jivu, na ninyi mlisimama pale na fagio mkingoja lipoe.

Chini ya barua kulikuwa na daftari mbili. Hizo hamkuzitaja, labda mliona ni takataka tu. Zilikuwa za bibi yenu, za darasa la nne. Alitolewa shule mwaka huo huo akachezwa unyago, kisha akaolewa. Hakupata kusoma tena. Alizitunza daftari zile zaidi ya miaka sitini, na kila akihama nyumba alizibeba mwenyewe, hampi mtu.

Kwa hiyo msidhani nawaambia utoto wetu ulikuwa asali. Mzee anayewaambia hivyo anawadanganya, au amesahau funza. Tulikuwa na funza vidoleni, tulichapwa chuoni na tukachapwa tena nyumbani kwa kuwa tumechapwa chuoni. Ming'oko mnayoinunua leo stendi na kuipiga picha, sisi tuliichimba porini kwa sababu ghala lilikuwa tupu. Lakini usiku tulikaa ukumbini, mtu akisema paukwa tunaitika pakawa, na tumbo likanyamaza kidogo. Yote mawili ni kweli. Nikiangalia nyuma nayaona yote mawili, la uchungu na la utamu, na hilo la uchungu ndilo lililonifanya nikatae binti yangu yeyote kutolewa shule. Mnadhani niliipata wapi akili hiyo? Kwenye semina?

Kuna mmoja wenu alinibishia kwamba Mtwara haijawahi kuwa na treni. Alicheka kabisa. Mwanangu, nilizaliwa mwaka 1953 na treni ile nimeiona kwa macho haya. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wao wa karanga wa Nachingwea, ulioanza 1947 na kuwafia mikononi mwaka 1951. Bandari ya Mtwara nayo ni mtoto wa karanga hizo hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 treni ikasimamishwa, reli zikang'olewa. Sisi watoto tulikuwa tunatega misumari relini ipondwe tupate visu. Changu kilikuwa kizuri kuliko vya wote, na kaka yangu aliniibia. Hadi leo anakana. Sasa kitu kikubwa kama treni kimefutika vichwani mwa watu ndani ya umri wa mtu mmoja, sembuse barua sita za mkata mkonge.

Nanyi mnajua mijusi ya Tendaguru, yale madubwana ya kale yaitwayo dinosaria, kule Lindi? Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ile, na wazee wetu wakaibeba vichwani kwa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, tani kwa tani. Leo mmoja amesimamishwa Berlin, watu wanakata tiketi kumtazama. Mwenzako anavuka bahari kufuata mfupa wa mnyama asiye hata na jina la ukoo, anaufunga kwenye plasta usivunjike. Sisi tunachoma mwandiko wa babu yetu mzazi mchana mmoja, tena tunapongezana. Halafu tunakaa barazani kuulizana kwa nini vitu vyetu viko kwao.

Sisemi kosa ni lenu peke yenu. Mlikuwa mnakuja Idd, nawapa soda na hela ya pipi, nawaambia mkacheze nje. Sikuwahi kulifungua sanduku lile mbele yenu. Na shule zetu zinawafundisha mito ya nchi za mbali, mtoto anamaliza bila kuulizwa jina la baba wa babu yake. Lakini mdomo mnao. Mngeuliza.

Basi nyuma ya kila picha andikeni majina na mwaka. Mipaka ya mikorosho mwonyeshwe kwa miguu, si kwa simu. Anayejua Kimakonde asione haya kukiongea na mwanawe. Simu zenu zinarekodi sauti, zirekodini za wazee.

Jambo la mwisho. Wakati nagomba pale, mmoja wenu, yule msichana mdogo, aliinama akaokota karatasi iliyoungua pembeni, akaipachika kwenye khanga. Alidhani sikumwona. Simtaji jina na sina hasira naye hata chembe. Mama, njoo nayo Ijumaa hii, usiikunje. Miwani ninayo, na herufi zile bado nazisoma.

Babu yenu,
Mikindani