Mwanangu, ngitili iandikwe kabla haijagombewa

Mwanangu,

Nimefurahi kwamba wamekuingiza kwenye kamati ya ardhi hapo kijijini. Ila umeandika kwamba ngitili ya wazee, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yatumike kiangazi, haitaguswa kwa sababu kila mtu anaijua, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Zile za Shinyanga nazo zilijulikana. Watu walipohamishwa miaka ya 1970 kwenda vijiji vya ujamaa, ngitili zikabaki mbali na wenyewe, kila mwenye ng'ombe akaingia. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, nyingi zilikuwa vumbi. Zilirudi pale wataalamu walipopunguza kuhimiza miche ya kigeni, wakaziachia dagashida (mikutano ya jadi ya Wasukuma) na banamhala (wazee wa baraza) mamlaka yao.

Usianzie ofisini, anza na mpaka. Uzungukeni kwa miguu pamoja na banamhala, wafugaji, kina mama wanaookota kuni humo, na viongozi wa kijiji jirani. Hao wa mwisho ndio husahaulika, kisha kesi inakuja kutoka kwao. Andikeni alama zisizohama: mbuyu, mwamba, korongo. Simu itakupa vipimo vya kuanzia, lakini hukosea mita kadhaa, kwa hiyo ramani yenyewe aje aichore mpima wa halmashauri ya wilaya.

Halafu karatasi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji inapendekeza kipande kiwe ardhi ya jumuiya, mkutano mkuu unapitisha, kisha kinaingizwa kwenye daftari la ardhi ya jumuiya. Kikishaingia humo, hakuna wa kumgawia mtu mmoja. Hata ardhi nyingine ya kijiji, halmashauri haigawi bila idhini ya mkutano mkuu. Yenyewe ni mdhamini tu. Muhtasari uwe na tarehe, majina na saini za waliohudhuria, ukubwa, mipaka na maneno ya azimio lenyewe. Jambo la ardhi liwe ajenda inayojitegemea. Likiletwa chini ya "mengineyo", jioni, watu wameshaanza kuondoka, likatae.

Siku serikali ikitaka eneo kwa manufaa ya umma, kumbuka hekta 250. Lisipozidi hapo, mkutano mkuu wenyewe unakubali au unakataa. Likizidi, uamuzi ni wa waziri baada ya kuzingatia maoni yenu. Kwa vyovyote, ardhi haihamishwi kabla fidia haijakubaliwa: aina yake, kiasi, na lini italipwa.

Mchenya, yaani faini ya dagashida, unatosha kwa mtu anayewaheshimu wazee. Mwenye kundi kutoka mbali atawapeleka mahakamani, na pale mtaulizwa sheria ndogo iko wapi. Kwa hiyo viwango vyenu vya faini viandikwe, vipitishwe na mkutano mkuu, vipelekwe halmashauri ya wilaya vithibitishwe. Wengi huishia kwenye mkutano mkuu, na faini yao inageuka dhuluma mbele ya hakimu.

Sasa malisho yenyewe, maana karatasi hailishi ndama. Fungeni mvua zinapoanza, Novemba au Desemba. Msifungue mpaka mabua ya mashambani yaishe, kwa kawaida Julai au Agosti, na majani yawe yameshamwaga mbegu. Mkiwahi wiki chache tu, mwaka unaofuata mtaona magugu mahali pa nyasi. Gaweni vipande, mfungue kimoja kimoja, mkianza na ndama, maksai wa kulimia na ng'ombe wagonjwa. Mbuzi wakae nje. Wanakula machipukizi, na mkwaju hauwezi kurudi. Kuni ziwe kavu tu. Mkaa usiruhusiwe hata mfuko mmoja wa msiba, kwa sababu misiba haiishi.

Upande unaogusa ziwa una sheria yake: ndani ya mita 60 kutoka ufukweni Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoharibu mazingira. Msiweke zizi wala birika huko.

Mpakani pandeni minyaa. Kata vipande vya urefu wa mkono, viache kivulini siku chache utomvu ukauke, ndipo uvichimbie karibu na mvua. Vikipandwa vibichi huoza. Vijana wavae miwani au wakate huku wamegeuza uso. Utomvu ule unaweza kupofusha.

Nitumie nakala ya muhtasari kabla haujapigwa muhuri.

Mama yako