Majini wa Gedi wasitufichie wenye mji

Mhariri,

Nimesoma makala mliyochapa kuhusu majini wa magofu ya Gedi, hapa kwetu Kilifi, na nilipofika mwisho nikakuta yale yale: mji uliotoweka, wenyeji walikokwenda hakuna ajuaye, na jua likizama usithubutu kubaki ndani. Na majini sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na huo mji "uliotoweka".

Sisi tuliokulia kati ya Malindi na Watamu tumeambiwa tangu utotoni kwamba mle mna wenyewe, wazee wa kale, na kwamba anayevunja kaburi au kutia kigae mfukoni watamwandama hadi kwao. Nenda asubuhi, kabla mabasi ya shule hayajafika, utaelewa kwa nini hadithi hizi hazifi. Njia zina kivuli kizito, mizizi imekumbatia kuta za mawe ya matumbawe, na majani makavu yanavunjika upande ambao humwoni mtu. (Mara nyingi ni kima, na wanachokitaka ni hiyo ndizi mkononi mwako.) Hata mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba pale mwaka 1948, mwaka ambao magofu hayo yalifanywa hifadhi ya taifa, aliandika kwamba siku za mwanzo alihisi kuna kitu kinamchungulia nyuma ya kuta. Ikiwa mchimbuzi mwenyewe alihisi hivyo, nani atamcheka bibi yangu?

Tena hofu ile imefanya kazi. Zitazameni kaya za Wamijikenda, ile misitu yao mitakatifu: miti yake mikubwa imesalia kwa miiko ya wazee zaidi ya kitu kingine. Gedi nako, ndani ya ukuta msitu umesimama. Mzee anayemkanya mjukuu asikanyage kaburi kwa kuwa lina mwenyewe anahifadhi historia kuliko kibao cha "Usiguse".

Jini wa video za siku hizi ni mwingine kabisa. Huyu halindi chochote. Yeye anatumiwa kuwafuta watu, ili mji wa Waswahili uwe kitendawili kisicho na mwenyewe, utadhani watu walimezwa na ardhi usiku mmoja wakaacha sufuria mekoni.

Haikuwa hivyo, na ushahidi uko pale pale kwa mwenye macho. Karibu na lango lipo kaburi lililoandikwa tarehe: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Kuna msikiti mkuu na kisima chake, kuna jumba la mfalme, na kuna nyumba za matajiri zilizopewa majina kutokana na vitu vilivyokutwa ndani yake, kama Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Bakuli la Kaure. Nyumba hizo zina vyoo na mahali pa kuogea. Mle jumbani mna chumba cha hazina kisicho na mlango, kinachoingiwa kwa tundu lililo juu ukutani. Watoto hupenda sana hicho, na mimi pia. Mtu aliyejenga chumba kama kile alikuwa akiogopa wezi, si majini.

Ukitaka kujua mji ulikwishaje, anzia visimani. Vipo vilivyochimbwa zaidi kufuata maji yaliyokuwa yakishuka. Kisha tazama kuta. Ule wa ndani ulijengwa baadaye, mji ulipokwisha kupungua, ukazunguka sehemu ndogo tu ya mji wa awali. Watu wanaotoweka usiku mmoja hawapati nafasi ya kujenga ukuta wa pili. Ongeza na mambo ya nje: Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa mto Zambezi, walipita pwani hii wakichinja watu mwaka 1589, mwaka 1593 mtawala wa Malindi akahamia Mombasa chini ya Wareno, na baadaye Waoromo wakateremka kutoka kaskazini na kuitikisa miji ya bara yote. Katika karne ya 17 Gedi ikabaki tupu. Wataalamu bado wanabishana ni sababu ipi iliyoelemea zaidi, na wabishane. Ila mtu kuhama maji yakikauka na adui akikaribia si muujiza. Mimi naamini walikimbilia kwa jamaa zao katika miji mingine ya pwani, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya.

Husemwa pia kwamba Wareno, waliofika Malindi na Vasco da Gama mwaka 1498, hawakuutaja mji huu. Haya, hawakuutaja kwa jina hili. Tangu lini mji wetu ukahitaji cheti cha kuzaliwa kutoka Lisbon?

Mwaka 2024 UNESCO iliitia Gedi katika orodha ya Urithi wa Dunia, na wageni wataongezeka. Kwa hiyo nina ombi kwa waongoza wageni na kwa gazeti lako. Simulieni majini, tena kwa madoido yote, lakini muwataje wazee waliotuachia simulizi hizo na miiko inayokwenda nazo. Halafu mpelekeni mgeni kisimani na kwenye ule ukuta wa ndani kabla hamjamwambia hakuna ajuaye. Na mkimtuma mwandishi mwingine, msimpe tochi aende usiku. Mpeni siku nzima, pamoja na mtu wa makumbusho wa kumjibu maswali.

Msomaji wenu,
Malindi