Shukrani kwa mkunga wa zamu ya usiku, Moshi

Dada mkunga, jina lako sikulishika, ila nataka watu wajue ulichonifanyia. Wodi ilikuwa imejaa na uchungu umenikolea. Kila baada ya nusu saa ulikuja, ukaweka kifaa cha kusikilizia tumboni, ukanishika na mkono usije ukachanganya mapigo ya moyo wangu na ya mtoto, ukahesabu dakika nzima macho yakiwa kwenye saa. Ulinieleza kuwa ya mtoto yanatakiwa yawe kati ya 110 na 160 kwa dakika. Yalipoanza kushuka na kuchelewa kupanda hata uchungu ukiachia, hukungoja: ulinilaza ubavu wa kushoto, ukasikiliza tena, ukaenda mwenyewe kumwita daktari. Nikaingizwa chumba cha upasuaji. Mwanangu alilia papo hapo.

Mtoto akikosa oksijeni kwa muda mrefu wakati wa kuzaliwa anaweza kupata mtindio wa ubongo, au asiishi kabisa. Wangu sasa anakaa mwenyewe na kung'ang'ania kijiko. Kliniki wanasema anakua vizuri.

Kina mama, mkiwa leba ulizeni mapigo ya mtoto yanaendaje. Ni haki yenu. Na wewe dada, Mungu akuzidishie. Asante sana.