Yah: Kuuziwa stata na betri bila gari kupimwa, na kupewa dekio nifute maji ya nyanya zangu

Kwa Meneja,
Gereji ya malori,
Morogoro.

Ndugu Meneja,

Salamu. Barua hii nimeiandika mara ya tatu. Mbili za kwanza nilizichana kwa sababu zilikuwa na maneno ambayo mtu mzima hamwandikii mtu mzima mwenzake. Hii nimejizuia.

Kadi ya kazi mnayo. Fuso yenye turubai la bluu, imeingia kwenu Alhamisi saa 2 asubuhi ikitokea Ilula na matenga 140 ya nyanya, inakwenda Ilala. Utaratibu wenu mnaujua kuliko mimi, mmeubandika wenyewe ukutani hapo mapokezi: gari linapimwa kwanza, mteja anapewa majibu ya kipimo, anakubali, ndipo spea inaguswa. Mimi majibu ya kipimo sijayaona hadi leo. Ankara ndiyo niliyoiona, tena haraka sana.

Tatizo nililieleza kwa mdomo wangu na dereva akalirudia. Gari lilizimwa watu wanywe chai, kuliwasha likagoma. Ukigeuza ufunguo unasikia "ta!" moja kule chini kwenye stata, ile mota ya kuwashia injini, basi, injini haigeuki hata nusu. Lakini taa za mbele zinabaki vilevile. Hilo la taa nililisema mara mbili, kwa sababu ndilo lenye maana. Betri ikichoka, ukipiga stata taa zinasinzia. Zetu hazikusinzia. Kwa hiyo umeme upo, ila kuna mahali unazuiwa usifike kwenye stata, au ukifika hauna njia ya kurudi. Na njia ya kurudi kwenye lori ni chuma cha injini, waya wa arthi na chesisi mpaka kwenye hasi ya betri. Haya sikuyasomea chuo. Nina hilo gari mwaka wa 9, nimelala sana chini yake nikimshikia fundi tochi.

Fomeni wenu hakushika mita ya umeme. Alisikia ile "ta!" akasema stata imekufa. Shilingi 850,000. Saa 9 alasiri stata mpya imeshafungwa, dereva akageuza ufunguo: "ta!" Sauti ileile. Pale pale mtu yeyote anayejua kazi angesimama akajiuliza. Yeye akasema basi ni betri, turudi kesho.

Ya Ijumaa nitayafikia. Acha kwanza niseme la dekio, maana ndilo linaloninyima usingizi.

Jumamosi asubuhi, mbele ya wateja wenu, nilimwomba fomeni apime arthi. Nilimwambia ni kazi ya dakika moja. Akaniambia, "Mama, wewe nyanya ndiyo saizi yako, umeme tuachie wanaume." Kisha akanipa dekio nifute maji ya nyanya yaliyochuruzika kutoka kwenye gari langu hadi kwenye sakafu yenu. Mimi. Mteja niliyekuwa nimeshalipa milioni na zaidi.

Ijumaa zilifungwa betri mbili mpya, shilingi 760,000. "Ta!" Ufundi wakaandika 120,000. Kupima kwa kompyuta 50,000, na hiyo kompyuta sikuiona ikichomekwa popote. Betri zangu za zamani nilipoziulizia nikaambiwa zimeshaondoka. Zimekwenda wapi, na kwa ruhusa ya nani? Betri zile zilikuwa na miezi 7 tu. Dereva alishaomba tangu Alhamisi gari livutwe liwake kwa gia, mzigo ufike sokoni, matengenezo yafuate baadaye. Akajibiwa kwamba ufunguo hautoki mpaka kazi iishe. Kazi gani? Jumamosi mkataka kufungua kontrol boksi, 1,900,000 nyingine. Hapo nikakataa, na nilipokataa nikaandikiwa maegesho, 20,000 kwa siku, siku 3. Yaani nimelipia hata hizo siku mlizokuwa mnabahatisha.

Mwenzangu mmoja wa safari ile ndiye aliyetuvuta hadi Msamvu. Huko tukampata kijana fundi umeme, hana hata banda, ana mita moja na mfuko wa spana. Alianza na betri: kila moja volti 12.6, zote mbili pamoja 25.2. Akamwambia dereva apige stata, macho yake yako kwenye mita. 24.5. Akasema, "Mama, betri hizi hazijatoa kazi yoyote. Stata ingekuwa inavuta kweli, namba ingeshuka zaidi ya hapo." Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, ya pili kwenye chuma cha injini. Piga tena. Volti 14, mahali ambapo haitakiwi kuzidi hata nusu volti. Akashika kebo ya gia, akanishikisha na mimi: ilikuwa ya moto. Umeme ulikosa barabara yake ukawa unapenya kwenye kebo.

Akaingia chini. Ule waya mpana wa msuko unaotoka giaboksi kwenda chesisi, kichwa chake kilikuwa kimeliwa na kutu ya kijani chini ya bolti, nyuzi chache tu ndizo zilizoshika. Akautoa, akakwangua chesisi mpaka chuma kikang'aa, akafunga mwingine, akakaza. Injini iliwaka kwa mara moja. Dakika 25. Shilingi 55,000, waya ndani yake.

Stata yangu ya zamani dereva aliiokota kwenye rundo lenu la vyuma kabla hatujatoka. Kijana yule akaiweka chini, akaiunga kwa nyaya za kubustia. Ikazunguka kama mpya.

Niliposikia sauti ile ya kuzunguka ndipo nilipolia, Ndugu Meneja. Sikulia kwenu. Maana nilirudi akilini pale kaunta. Ilikuwa saa 4 na dakika kadhaa, madereva watano au sita wamekaa kwenye benchi wanasubiri karatasi zao, kikombe cha chai cha fomeni kiko juu ya kadi yangu ya kazi. Nimesema, "Naomba upime arthi tu, baba." Nimemwita baba, kijana ambaye ningeweza kumzaa! Hakuinua hata macho. "Mama, wewe nyanya ndiyo saizi yako, umeme tuachie wanaume." Wale vijana wenu wawili wakacheka. Halafu akatazama nje, akaona yale maji mekundu, akaenda mwenyewe kuchukua dekio nyuma ya mlango, akaninyooshea. "Usafi kabla ya kutoka, mama." Nilideki. Dereva wangu, mzee wa miaka 61, aliponinyang'anya lile dekio mkononi mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Nilipoanza kuandika nilitaka tu fedha ya stata na betri, 1,610,000. Nimebadili mawazo kadiri nilivyoandika. Nataka na ufundi, na kompyuta, na maegesho, jumla 1,840,000 yote. Nataka betri zangu mbili zilezile, au thamani yake. Stata yenu na betri zenu nitazifungua mwenyewe niwaletee. Na matenga 63 niliyoyamwaga Ilala Jumapili mtayalipa kwa bei ya soko ya Ijumaa, siku ambayo yangekuwa yameshauzwa, kwa sababu kilichoyaozesha si mvua wala barabara.

Risiti ya mashine ya kodi (EFD) sikupewa hata moja, nina karatasi za kuandikwa kwa kalamu tu, zote nimezitoa nakala. Nawapa siku 7 tangu mnapopokea barua hii. Siku ya 8 nakala moja inakwenda Tume ya Ushindani na nyingine Mamlaka ya Mapato (TRA), na madereva wawili wa benchi lile wameshakubali kusema walichokiona.

Msinipigie simu kunibembeleza nipunguze. Jumamosi ijayo saa 4 asubuhi nitakuwa kaunta yenu na yule fundi wa Msamvu na mita yake. Fomeni awepo. Aniombe radhi mimi na dereva wangu palepale, mbele ya watakaokuwa kwenye benchi, kwa sauti ileile aliyotumia.

Mteja wenu,
Mama wa Fuso ya nyanya, Ilula