Harambee ya Spoki na Tairi: Msafara wa Baiskeli, Vanga hadi Malindi

Ndugu, jamaa na marafiki, asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Tunarudi kwenu mapema kuliko tulivyotaka, na tunaona haya: tunaomba mchango wa kutengeneza baiskeli za msafara wetu wa kupanda mikoko na kuokota taka za plastiki pwani. Mara iliyopita wenye maduka wa Marikiti, hapa Mombasa, mlitoa mchele na unga, akina mama wa Kongowea wakaongeza nazi na viazi, misikiti na makanisa yakatupa pa kulala. Fulana nazo zimepatikana, tena za kuvisha mtaa mzima. Kilichokosa mwenyewe ni spoki, labda kwa kuwa haina pa kuandika jina la mfadhili.

Baiskeli 24 ziko kwa fundi Majengo, zimepinduliwa miguu juu. Ukizungusha gurudumu la nyuma, rimu inasugua fremu kila inapopita. Ni zile nzito za chuma, tairi inchi 28 kwa 1½. Gurudumu la mbele lina spoki 32 na la nyuma 40, na huko nyuma ndiko keria hubebeshwa kila kitu: hema, sufuria, jerikeni la lita 20. Spoki moja ikikatika kwenye shimo, za jirani hubeba mzigo wake, nazo hukatika kwa zamu. Ukilazimisha kuendesha, rimu inapinda na tyubu inapasuka. Chumvi humalizia kazi: baiskeli iliyoshuka ufukweni isipooshwa kwa maji yasiyo ya chumvi jioni ileile na mnyororo kutiwa mafuta, kutu haingoji. Spoki zilizobaki tumezikagua. Nyingi zimeliwa na kutu pale zinapoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa hiyo kuunga moja moja ni kupoteza pesa.

Wapo watakaouliza kwa nini tusipande matatu. Matatu hukushusha barabara kuu, na kazi iko madikoni, wanakoegesha wavuvi, chini kwenye njia za vumbi. Tunaanzia Vanga kwa sababu upepo wa kusi unatusukuma mgongoni hadi Malindi. Kuanzia Malindi ni kupigana nao njia nzima.

Tarehe nayo haipangwi na kamati. Mikoko tunapanda maji yakiwa yamekupwa sana, wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Pwani yetu bamvua hukupwa kama saa nne asubuhi, na kila siku maji huchelewa karibu dakika 50. Kwa hiyo msafara lazima ulale Gazi usiku wa kabla. Gurudumu likivunjika Msambweni, mkifika maji yameshapanda, na wenyeji walioacha mitego yao wamewangoja bure. Hiyo ndiyo aibu tunayoikimbia.

Gazi na Makongeni hawahitaji kufundishwa mikoko. Mradi wao wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unauza hewa ya kaboni (hulipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko hufyonza), na mapato yameleta maji na kusaidia shule. Vanga, Jimbo na Kiwegu wamefuata njia hiyo. Sisi tunakwenda kuwa mikono, chini ya wenyeji. Mbegu ya mkoko huchomekwa ncha iliyochongoka ikiwa chini, theluthi moja ndani ya tope, mita moja kati ya mche na mche, na kile kikofia cha juu hakinyofolewi. Wageni hukosea mambo mawili: huipindua mbegu, au huipanda mbele kabisa panapopigwa na mawimbi, mahali pa mlilana, aina nyingine ya mkoko, nayo hung'oka wiki hiyohiyo. Chakula na maji tunabeba wenyewe, maana mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sisi tunafika na jembe siku ya kwanza.

Baada ya Likoni kazi inageuka kuwa ya taka na karatasi. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi, fukwe za hifadhi zikiwemo, lakini Watamu na Malindi bado maji yanazitema. Tutazitenga kwa aina (chupa, vifuniko, nyavu, kandambili), tutazipima na kuandika, kisha kuwasilisha ombi la wananchi katika bunge la kaunti. Katiba inatupa haki ya mazingira safi kifungu cha 42, na ya kukusanyika na kuwasilisha malalamiko kifungu cha 37. Taarifa ya mikutano hupelekwa polisi siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla. Ukiipeleka jana yake, umewapa sababu ya kukurudisha. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, lilisafiri hadi Zanzibar mwaka 2019 kwa hoja hiihii, na watu walitoka kulitazama.

Sasa pesa. Tairi, tyubu mbili kwa kila baiskeli, spoki, minyororo, mipira ya breki, beringi, grisi na gundi ya viraka: shilingi 52,800. Gari la kupeleka baiskeli Vanga 18,000. Chakula cha watu 24 kwa siku 7, 58,800. Dawa na majerikeni 9,000. Malipo ya waongozaji wa vijijini 30,000, na hapa hatupunguzi hata senti. Jumla 168,600. Mkononi tuna 61,000. Pengo ni 107,600.

Mtaa uliojenga madrasa na kanisa kwa shilingi hamsini hamsini hauwezi kushindwa na spoki. Namba ya kuchangia iko kwenye kadi mlizopewa. Mweka hazina atasoma hesabu hadharani, risiti mkononi, Mungu akipenda.

Fundi anataka wiki mbili za kusuka magurudumu, basi msingoje siku ya mwisho. Mwenye baiskeli kuukuu ya inchi 28 iliyolala uani ailete Majengo, hata kama limebaki gurudumu la nyuma peke yake.