Risala ya Vijana Wabunifu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Ubunifu Chuoni, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wakuu wa idara na walimu wetu,
Wawakilishi wa halmashauri, wa taasisi za utafiti na wa vyama vya ushirika,
Wazazi, wanachuo wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika maonesho ya ubunifu ya chuo chetu. Umekuja wakati wizara zimo katika kuandaa bajeti, nasi tunatambua thamani ya saa ulizotutengea. Kwa sababu hiyo risala yetu haitagusa uhaba wa madarasa wala uchakavu wa karakana, mambo ambayo uongozi wa chuo umekwisha kuyafikisha panapohusika. Tunaomba usikivu wako katika jambo moja: fedha ya umma inayotolewa kwa ajili ya utafiti wa teknolojia, na namna fedha hiyo inavyoweza kumfikisha mtafiti kijana hadi kwenye kampuni inayouza bidhaa, inayoajiri na kulipa kodi.

Umoja wetu una wanachuo na wahitimu wa umeme, uhandisi mitambo na programu za kompyuta, na kazi zetu nyingi zinatokana na Ziwa Victoria tunaloishi kandokando yake. Kwenye meza ya kwanza utaona kikaushio cha dagaa kinachotumia nguvu ya jua, kilichobuniwa kwa ajili ya kinamama wanaoanika dagaa mchangani na kupoteza mali yao mvua inaponyesha ghafla. Kwenye meza ya pili kipo kifaa ambacho ndicho kilichotusukuma kuandika risala hii. Wafugaji wa sato katika vizimba wanajua kwamba samaki wanaweza kufa kwa wingi ndani ya usiku mmoja. Mwani ulioko majini hutoa oksijeni mchana kwa msaada wa mwanga wa jua, lakini usiku nao huitumia, hivyo karibu na alfajiri oksijeni iliyoyeyuka majini huwa imeshuka sana. Na upepo mkali unapoyapindua maji ya chini yenye hewa haba, samaki aliyefungiwa kizimbani hana pa kukimbilia. Kifaa chetu hupima oksijeni na joto la maji usiku kucha na kumpelekea mfugaji ujumbe wa simu kabla hali haijawa ya hatari, ili asitishe kulisha, awashe pampu ya hewa au avune mapema. Kimefanya kazi katika vizimba vya kikundi kimoja cha ushirika kilichokubali kutupokea, na wafugaji wenyewe wapo hapa leo, tayari kukueleza walichokiona.

Januari 2024, hapa hapa Mwanza, Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti na vizimba kwa wavuvi na wafugaji kwa utaratibu wa mkopo nafuu. Samaki walioko ndani ya vizimba vya aina hiyo ndio wanaotarajiwa kulipa mkopo, kwa hiyo anayemlinda samaki anailinda pia fedha ya Serikali. Tunaona fahari kusema kwamba ulinzi huo unaweza kutengenezwa na vijana wa mkoa huu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuanzi kwenye ardhi tupu. Taifa hili liliunda Baraza la Taifa la Utafiti wa Sayansi, lililojulikana kama UTAFITI, mwaka 1968, likiwa bado changa kabisa. Sheria Na. 7 ya mwaka 1986 ikaanzisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, pamoja na mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia ambao watafiti wanaufahamu kwa jina la MTUSATE. Mwaka 2011 kituo atamizi cha Dar Teknohama kikaanza kulea kampuni changa za TEHAMA, na tangu mwaka 2019 mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yamewaibua wabunifu kutoka shule za msingi hadi vyuo vikuu, wakiwemo mafundi wa mitaani wasio na cheti chochote. Tunashukuru kwa dhati. Wapo miongoni mwetu ambao wasingethubutu kujiita wabunifu kama mashindano hayo yasingefika katika wilaya zao.

Hata hivyo, tuliyoyaona katika safari ya kifaa chetu yanatulazimu kusema ukweli mbele yako. Tulipata ruzuku ya utafiti kutoka mfuko mmoja wa umma, na mgao wa kwanza ulituwezesha kununua vihisio na kutengeneza sampuli ya awali. Mgao uliofuata ulichelewa hadi msimu wa upepo tuliokuwa tumeukusudia kwa majaribio ukapita. Katika utafiti wa ziwani msimu ukipita unasubiri mwaka mzima, na kijana aliyehitimu hawezi kusubiri mwaka mzima bila kipato. Wawili kati ya wenzetu mahiri waliondoka kutafuta ajira ya kudumu, wakaondoka na ujuzi ambao haukuwa umeandikwa popote. Kazi ilipokamilika tuliwasilisha ripoti, ikapokelewa vizuri, na hapo mlango ukafungwa. Kutoka sampuli inayofanya kazi hadi bidhaa inayouzwa kuna gharama za kuchonga kalibu ya ganda lisiloingiza maji, za kupima ubora ili kukidhi viwango vya TBS, shirika la viwango, za kuidhinishiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kuwa kifaa kinatumia mawimbi ya redio, na za kulinda hataza, yaani haki ya mbunifu juu ya ubunifu wake, kupitia BRELA, wakala wa usajili. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoitwa utafiti katika fomu za ruzuku, na hakuna benki inayozikopesha, kwa sababu mbunifu hana dhamana wala mauzo ya kuonesha.

Tumewahi kushauriwa twende kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba na imewainua wengi. Dada zetu wa mama lishe na kaka zetu wa bodaboda wanaweza kuanza kurejesha haraka kwa kuwa wateja wao wanajulikana. Lakini mkopo, hata usio na riba, hauwezi kubeba utafiti. Anayetafiti hajui bado kama kitu chake kitafanya kazi, na kama kitafanya kazi hajui kitachukua muda gani kupata soko. Ukimdai marejesho kila mwezi unamlazimisha aache kupima na aanze kuuza kitu kisichokamilika, na hasara ya kwanza ataipata mfugaji aliyekiamini. Ndiyo maana nchi zilizofanikiwa katika jambo hili zimebeba hatari ya mwanzo kwa ruzuku ya umma, zikaacha mikopo na wawekezaji waje baadaye.

Mfano tuliousoma kwa makini zaidi ni mpango wa Marekani unaojulikana kwa kifupi cha SBIR. Mwaka 1982 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyozitaka taasisi za serikali zenye bajeti kubwa ya kugharimia utafiti unaofanywa nje ya taasisi hizo, inayozidi dola milioni 100 kwa mwaka, zitenge sehemu ya bajeti hiyo kwa ajili ya kampuni ndogo. Sehemu hiyo ilianza ikiwa asilimia 0.2 na kufikia mwaka 2017 ikawa asilimia 3.2. Tunaomba uzingatie, Mheshimiwa, kwamba fedha hiyo haikutafutwa mahali papya. Ni ile ile ambayo wizara za ulinzi, afya, nishati na nyinginezo zilikuwa tayari zinaitumia kutafuta majibu ya matatizo yao, ila sheria iliamuru sehemu ya majibu itafutwe kwa kampuni ndogo.

Utaratibu wenyewe una hatua. Katika hatua ya kwanza kampuni hupewa fedha kidogo kwa miezi 6 hadi 12 ili ithibitishe kwamba wazo linawezekana. Inayofaulu huomba hatua ya pili, yenye fedha nyingi zaidi na kwa kawaida ya miaka 2, ili itengeneze kitu chenyewe. Hatua ya tatu haina ruzuku ya mpango huo, lakini sheria iliiruhusu taasisi ya serikali kununua matokeo kutoka kwa kampuni iliyoyabuni bila kuirudisha kwenye ushindani mpya wa zabuni. Serikali haikuchukua hisa. Ilitosheka na bidhaa, ajira na kodi. Qualcomm, iliyoanzishwa San Diego mwaka 1985 na ambayo teknolojia yake imo katika simu nyingi tulizonazo mifukoni leo, ni miongoni mwa kampuni zilizopokea fedha za mpango huo zilipokuwa changa.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi, na wengi hawajui asili yake. M-PESA, kabla haijazinduliwa nchini Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, ilijaribiwa kwa fedha ambayo sehemu yake ilitoka katika mfuko wa ushindani wa idara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza, karibu pauni milioni moja, huku Vodafone ikichangia kiasi kinacholingana. Majaribio yalianza Oktoba 2005 kwa lengo dogo la kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kurejesha mikopo yao kwa simu. Wakati wa majaribio ikaonekana kwamba watu wanakitumia chombo hicho kutumiana fedha wao kwa wao, na huduma ikaundwa upya kufuata mahitaji hayo. Kama kampuni ingebanwa ilete faida tangu siku ya kwanza, hakuna ambaye angekuwa na subira ya kugundua hilo. Fedha ya umma ndiyo iliyonunua subira. Nasi tunasema kwa uchungu wa kizalendo kwamba subira iliyozaa ubunifu mashuhuri kuliko wote katika Afrika Mashariki ililipiwa kwa sehemu na walipakodi wa Uingereza, na tungependa ule utakaofuata ulipiwe na Hazina yetu wenyewe.

Tunajua jibu la haraka ni kuongeza asilimia. Nchi za Afrika zimekuwa zikiahidi asilimia 1 ya Pato la Taifa kwa utafiti tangu Mpango wa Lagos wa mwaka 1980, na ahadi ikarudiwa katika Umoja wa Afrika huko Khartoum mwaka 2006. Jirani zetu Kenya walikwenda mbali zaidi: sheria yao ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013 ilitaja asilimia 2 kwa ajili ya mfuko wa taifa wa utafiti, lakini mgao halisi haujafikia kiwango hicho. Tungefurahi kuona Tanzania inafika kwenye asilimia 1. Ila kwa mtafiti aliyeko ziwani, shilingi chache zinazofika tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba zina nguvu kuliko fungu kubwa linalofika robo ya mwisho ya mwaka wa fedha, linapotakiwa kutumika haraka lisije likarudi Hazina.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ni kwamba mifuko ya umma ya utafiti iwe na hatua ya pili inayojulikana tangu mwanzo, inayogharimia upimaji wa ubora, uidhinishaji, hataza na uzalishaji wa bidhaa za kwanza kwa ajili ya kuuza, na kwamba mkataba wa ruzuku umbane anayetoa fedha kwa tarehe kama unavyombana anayepokea kwa ripoti. Mtafiti asiyefikia lengo la hatua ya kwanza asipewe ya pili. Hatuogopi kipimo hicho. Wapo watakaosema fedha ya umma itapotea kwa miradi isiyofaulu, na ni kweli kwamba mingi haitafaulu. Hatua hizi ndizo zinazohakikisha kwamba iliyoshindikana inasimamishwa ikiwa imekula kidogo.

Ombi la pili linahusu ununuzi wa umma, na tunaliona kuwa kubwa kuliko la kwanza. Sheria imekwisha kutambua makundi maalum, wakiwemo vijana, na kuyatengea asilimia 30 ya zabuni. Lakini nyaraka za zabuni za vifaa vya kiufundi huuliza uzoefu wa miaka na kazi zilizofanana na hiyo zilizokwisha kufanyika, maswali ambayo mtu aliyebuni kitu kipya hawezi kuyajibu kwa sababu kitu hicho hakikuwapo. Tunaomba ndani ya fungu hilo lifunguliwe dirisha la ununuzi wa majaribio, ambapo taasisi ya umma inanunua idadi ndogo ya vifaa vilivyotokana na ruzuku ya umma, inavitumia, na kuandika ilichokiona. Programu ya mikopo ya vizimba ingeanza na vifaa vya kupima oksijeni kwa vikundi vichache, watafiti wa TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, wakilinganisha vipimo vyetu na vyao. Hati moja ya taasisi ya Serikali inayosema kifaa kimetumika na kimefaa itatufungulia milango ya Kisumu na Jinja, ambako sato hufugwa katika maji ya ziwa hili hili.

Tunalo pia ombi dogo, linalohitaji waraka tu: vyuo vyote vya umma viwe na mwongozo ulio wazi wa umiliki wa hataza kati ya chuo, msimamizi na mwanachuo, kwani mwekezaji anayeuliza nani ana haki na asipate jibu huondoka.

Mapendekezo yetu kwa kirefu, pamoja na vipimo vya msimu mzima tulivyovikusanya vizimbani, tumeyaweka katika jalada ambalo Katibu wetu atakukabidhi. Baada ya hapa tunaomba utembelee meza ya pili, ambapo kifaa kimewashwa na wafugaji wanakusubiri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.