Mdogo wangu, usikate maji

Mdogo wangu,

Ujumbe wa sauti ulionitumia jana usiku nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, maana umesema kiuno kimeingia na mistari ya tumbo imeanza kujichora. Mara ya pili nikasikia vizuri pale uliposema kocha amekupa ratiba ya wiki ya mwisho kabla ya shindano lako la kutunisha misuli: Jumatatu chumvi inaondoka, Jumatano maji yanaanza kupunguzwa, Ijumaa unameza kidonge cha kukausha. Mara ya tatu nilikuwa natafuta jina la hicho kidonge. Hukulitaja. Basi nimekaa kukuandikia, na nakuandikia hadharani kwa sababu ratiba hiyohiyo inazunguka kwenye simu za vijana wanaopiga chuma Tanga, Dar na Mombasa, na si wote wana kaka wa kumuuliza.

Kinachoitwa kidonge cha kukausha kwa kawaida ni dawa ya kukojoza, kama furosemidi. Hospitali humpa mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu sawasawa mpaka miguu ikavimba maji. Dawa hiyo huzilazimisha figo kutoa maji na chumvi, na potasiamu hutoka humohumo. Potasiamu ni miongoni mwa vitu vinavyoufanya moyo udunde kwa mpangilio. Sasa chukua mtu aliyejinyima kwa miezi minne, amekata chumvi, amekata maji, halafu umpe dawa hiyo. Mapigo yake yanaweza kuvurugika bila onyo lolote.

Mohamed Benaziza alikuwa mmoja wa watunisha misuli bora wa zama zake. Oktoba 1992 alifariki Uholanzi, saa chache baada ya kushuka jukwaani, akiwa na miaka 33. Machi 1996 akafuata Andreas Münzer wa Austria, mtu aliyesifika dunia nzima kwa ngozi yake kugandana na msuli. Alikata roho München akiwa na miaka 31, baada ya viungo vyake vya ndani kushindwa kimoja kimoja. Hao ilikuwa ndiyo kazi yao. Wewe unagombea medali na picha ya kumwonyesha mama. Isitoshe, dawa za kukojoza zimo kwenye orodha ya zilizopigwa marufuku michezoni, hata kwa sisi wa ridhaa.

Tuiweke hofu kando, tupige hesabu tu. Msuli karibu robo tatu yake ni maji. Wanga unaokula huwekwa akiba ndani ya msuli kama glaikojeni, na kila gramu moja ya glaikojeni hukaa na takriban gramu tatu za maji. Maji hayo ndiyo yanayolijaza bega lako mpaka likawa duara. Wanaokuambia ukate maji wanaamini yatatoka chini ya ngozi peke yake, misuli ionekane wazi. Hayachagui. Yatatoka kwenye msuli, yatatoka kwenye damu, na damu ikipungua unaweza kupiga pushapu mia nyuma ya pazia bila kifua kujaa.

Nimeyapitia haya. Shindano langu la pili, ambalo wewe hukuja kwa sababu ulikuwa kwenye mitihani, nilikata maji siku mbili. Sikumeza kidonge, nilikata maji tu. Jumamosi asubuhi nikajitazama kwenye kioo nikaona mtu mwembamba aliyechoka. Mapaja yakabana misuli wakati napanga pozi, nikashindwa kusimama wima, wenzangu wakanilaza kwenye mkeka na kunikanda. Nilipanda hivyohivyo. Usiku nikiwa nimeshakunywa maji na kula sahani ya wali, mwili ukajaa na mistari ikatoka, nikawa napendeza kuliko nilivyopendeza mbele ya majaji. Nililia chooni usiku ule, na sikumwambia mtu yeyote nyumbani.

Kukauka kunaletwa na mafuta kupungua, na mafuta hayakubali kuharakishwa. Ulianza na kilo 78, leo uko 73, unataka kupanda na 70. Umebakiwa na wiki sita. Nusu kilo kwa wiki inakufikisha hapo bila mbio. Kiwango kinachoshauriwa ni kupungua nusu asilimia hadi asilimia moja ya uzito wako kwa wiki, na wewe tayari umekonda, kwa hiyo kaa upande wa chini. Anayeshuka kwa kasi zaidi ya hapo huanza kuula msuli wake mwenyewe, ule aliousotea mwaka mzima kwenye vyuma vya zege vya kina kaka pale mtaani.

Kuhusu chakula, naona umeanza kuulizia bei ya kopo la unga wa protini. Si kibaya, lakini usikope hela kwa ajili yake. Kwa uzito wako gramu 145 hivi za protini kwa siku zinatosha, yaani kama gramu mbili kwa kila kilo ya mwili. Hesabu nami: mayai manne yanakupa gramu 24. Gramu 50 za dagaa wakavu zinakupa zaidi ya 25. Kifua cha kuku kilichopikwa cha gramu 150, kama 45. Kipande kizuri cha samaki, 35 na kitu. Kikombe cha maharage, 15. Umefika, na vyote vinapatikana sokoni. Dagaa uwaloweke kwanza na kuwakosha vizuri, mchanga wake unachosha meno.

Ugali usiufukuze. Huyo aliyekuambia ugali unaleta maji chini ya ngozi hajui anachosema. Upime tu, nunua mizani ndogo ya jikoni, na uuweke karibu na muda wa mazoezi, kabla na baada. Viazi vitamu vya kuchemsha na wali mweupe vivyo hivyo. Pa kukaza ni kwenye mafuta yasiyoonekana. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na anayekaanga vitunguu nyumbani kwetu hamimini kijiko kimoja. Kikombe cha tui zito kina zaidi ya 500. Hapo ndipo penye kazi ngumu kuliko chuma chochote, kwa sababu kumwambia mama mdogo asitie tui kwenye mbaazi ni kama kumwambia hajui kupika. Zungumza naye mapema. Mwambie ni wiki sita, na mwombe akutolee sehemu yako kabla hajaunga. Mimi sikumwambia mama yangu, nilikuwa nasukuma sahani pembeni kimyakimya, na akakaa mwezi mzima akidhani naumwa ninamficha.

Mazoezi usiyabadilishe. Kuna desturi ya kuacha vyuma vizito shindano likikaribia na kupiga vyepesi mara hamsini hamsini, eti kuchonga. Msuli uliojengwa na uzito hubakishwa na uzito. Endelea kuchuchumaa na chuma, endelea kuvuta na kusukuma kwa uzito uleule kadiri nguvu inavyoruhusu, punguza tu idadi ya seti ukiona huponi vizuri. Kutembea kwa miguu saa moja jioni kunatosha kukusaidia kuchoma. Kukimbia kilomita kumi kila asubuhi ukiwa na njaa kutakuvunja magoti.

Na pozi! Hapa ndipo wengi wa ridhaa wanapopoteza nafasi. Kundi lako la fiziki ya wanaume, lile IFBB, shirikisho la kimataifa la kutunisha misuli, walilolianzisha 2012, unapanda na kaptura, unageuka robo robo, na majaji wanatazama mabega, mgongo na kiuno jinsi vinavyokaa pamoja, na jinsi unavyojibeba. Hawatafuti zimwi. Dakika ishirini kila siku mbele ya kioo, kisha bila kioo, maana jukwaani hakipo. Shikilia kila upande mpaka utetemeke, na uso utulie. Nimeona kijana mwenye mwili wa kawaida akiwapita wenye miili mikubwa kwa sababu alijua kusimama.

Wiki ya mwisho basi iwe hivi. Maji kunywa kama kawaida yako mpaka asubuhi ya shindano, siku yenyewe nywa kidogo kidogo. Chumvi iache ilivyo. Siku mbili za mwisho punguza mazoezi na ongeza wali au viazi kidogo, vile ambavyo tumbo lako limevizoea, usijaribu chakula kipya. Lala.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna kocha aliyewahi kuniambia. Mwaka 1945 huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwalisha wanaume 36 nusu shibe kwa wiki 24, ili ijulikane watu walioshinda na njaa wakati wa vita wasaidiwe vipi. Walikuwa na afya na walijitolea wenyewe. Wakawa wakali, wazito wa moyo, wanaota chakula, wanasoma vitabu vya mapishi. Waliporudishiwa chakula, baadhi walikula mpaka wakaumwa na bado hawakushiba. Wewe hutafika walipofika, lakini utaionja njia hiyo. Usiku baada ya shindano utataka kula mji mzima, na wiki mbili baadaye utajitazama na kuuchukia mwili ambao kumbe ndio umeanza kupona. Mimi nilipanda kilo tisa ndani ya mwezi mmoja, nikaacha kwenda jimu kwa aibu. Kwa hiyo panga sasa, ungali na akili iliyotulia, utakula nini Jumatatu, Jumanne na wiki zile tatu za kwanza. Ongeza chakula taratibu kama ulivyokipunguza. Nipigie simu hata usiku wa manane.

Ninakuomba mawili. Kesho nitumie picha ya pakiti ya kile kidonge, na Jumamosi pita kituo cha afya wakupime presha. Kocha wako mwachie mimi, nitaongea naye kwa heshima.

Mama mdogo amesema Jumapili baada ya shindano atapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nimemwambia tui asipunguze.

Kaka yako.